Simu Iliyoliwa na Salamu

Jumapili hiyo Farangis alipika kwa sababu angekaa bure angepasuka. Alipika mchuzi wa majani na maharage mekundu na ndimu kavu, akapika wali wa zafarani, akauacha chini ukakauka mpaka ukafanya ukoko mzuri, na muda wote huo jicho moja lilikuwa kwenye simu. Simu ilikaa mezani kando ya birika, uso juu, imechomekwa kwenye umeme ingawa chaji ilikuwa imejaa tangu asubuhi. Kila ilipowaka alishtuka, na kila mara ikawa ni tangazo la watu wanaouza matairi ya theluji.

Mwanawe Bardia alikuwa Tehran. Alikwenda kumtazama bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akaahidi atarudi kabla chuo hakijafunguliwa. Farangis alimfungia sanduku mwenyewe, akamlazimisha kubeba sweta zito la kijani alilomnunulia. Bardia hakulipenda sweta lile hata kidogo. Alisema akilivaa anaonekana kama chura. "Basi kuwa chura mwenye joto," Farangis alimjibu, akalisukumiza ndani, akafunga zipu.

Halafu kule watu wakaingia barabarani, risasi zikalia, na serikali ikazima mtandao nchi nzima kama mtu anayezima taa ya choo. Tangu hapo, kimya. Kutoka Toronto ukipiga inaita mara moja, inakufa. Wa kule ndio wanaoweza kupiga, tena kwa simu ya mezani, tena kwa bahati, na wakipata ni dakika chache tu kabla haijakatika. Kwa hiyo kazi ya Farangis ilikuwa kungoja, na kungoja ni kazi ambayo hakuiweza hata siku moja. Alikuwa amepangua kabati la jikoni mara mbili. Alikuwa amesugua vigae vya bafuni kwa mswaki.

Ndiyo maana akawaita chakula cha mchana Changiz na mkewe Mahlagha, na Firouz wa ghorofa ya juu. Alitaka nyumba iwe na kelele. Loo, na kelele alizipata.

Changiz aliuza mazulia barabara ya Yonge, na ndani ya duka lake bado alitundika ile bendera ya zamani ya mfalme, yenye simba na jua. Firouz alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Ujanani alishiriki kumwangusha mfalme, na uzeeni alishiriki kubishana na Changiz, na sijui ipi kati ya kazi hizo mbili ilimchosha zaidi. Kila mkutano walitukanana. Lakini likipita juma hawajaonana, kila mmoja alikuwa akiuliza kwa watu kama mwenzake anaumwa.

"Safari hii wamekwisha," alisema Changiz, akigonga meza mpaka glasi za chai zikacheza. "Shikeni maneno yangu. Mwaka mpya tunakula Tehran."

"Mwaka jana pia tulikula Tehran," alisema Firouz. "Na mwaka juzi. Mpaka nimenenepa."

Mahlagha alicheka akafunika mdomo kwa kitambaa. "Mwache mume wangu, Bwana Firouz. Sanduku lake la kurudia liko chini ya kitanda tangu anioe. Mimi nafagia kwa kulizunguka tu."

"Chekeni! Chekeni! Lakini nani alituingiza humu? Si hawa hapa? Walimu wa hesabu! Walibeba mabango, wakamfukuza mtu aliyejenga barabara na hospitali, halafu wakashangaa kufungua mlango na kukuta mbwa mwitu ameketi."

"Na magereza alijenga nani, Changiz? Yalijijenga?"

"Usinibadilishie mada!"

"Mada ni hiyo hiyo."

"Mlivunja nyumba yenu wenyewe, sisi tukaja kulala kwenye barafu. Na nyinyi mliovunja, mmelipa nini? Hamkulipa chochote! Mnakunywa chai tu na kutoa uchambuzi!"

Farangis alikuwa amesimama na bakuli la mtindi mkononi. Aliwatazama akatamani kumwagia mmoja wao, yeyote yule. Mwanawe yuko kule, hajui yu chini ya kitanda au yu barabarani, na wazee hawa wanagombania mfalme aliyekufa kabla Bardia hajazaliwa.

Firouz aliweka kijiko chini. Hakupaza sauti.

"Sikulipa? Mama yangu alisimama langoni mwa gereza msimu mzima wa baridi. Kila wiki alimpelekea kaka yangu nguo. Wakizipokea, anarudi nyumbani anaimba, kwa sababu wakipokea nguo ujue mtu yumo ndani, na kama yumo ndani yu hai. Siku moja wakamrudishia furushi kwenye kidirisha. Hawakumwambia neno. Walimpa furushi lake, wakafunga. Sasa rudia tena kwamba sikulipa."

Changiz alijikuna shingo, akakohoa, akaangalia sahani.

"Mungu amrehemu," alisema. "Lakini hata hivyo..."

"Lakini hata hivyo, kula," alisema Mahlagha, na akamwekea mumewe kipande kikubwa cha ukoko ili kinywa chake kipate shughuli.

Ndipo simu ikalia. Namba ndefu ya ajabu, yenye tarakimu zisizoeleweka, namba ambayo siku nyingine Farangis angedhani ni ya matapeli. Bakuli la mtindi lilitua mezani kwa kishindo. Aliishika simu kwa mikono miwili, akafungua spika.

"Haloo? Haloo?"

"Farangis? Mwanangu?"

"Mama! Nife mimi kwa ajili yako, Mama! Hujambo?"

Sasa hapa, mtu ambaye hakulelewa kwetu hawezi kuelewa kilichotokea. Farangis alikuwa na swali moja tu. Alilala nalo, aliamka nalo, alilipika pamoja na maharage. Lakini mdomo ulishazoea njia yake, nao ukaenda wenyewe, kama punda anayejua kwao. Hujambo, Mama? Goti halijambo? Na jicho? Unalala vizuri? Mjomba Naser hajambo? Mkewe? Kifua chake je? Na Mama kule naye akijibu moja moja, na kila jibu likimalizikia na shukrani kwa Mungu na swali jingine.

"Mimi sijambo, moyo wangu, wewe je? Unakula? Theluji imeanguka? Unavaa kofia? Mjomba wako Naser anakusalimu sana. Mkewe anakubusu macho. Bi Pouran wa mlango wa pili anakusalimu. Shangazi wa Karaj anakusalimu, na watoto wake, na yule mkwe wake mpya. Nasikia sauti, una wageni?"

"Ni Mahlagha na mumewe, Mama. Na jirani yangu. Mama, nilitaka..."

"Mahlagha yupo? Wee! Nipe nimsalimie, ni aibu!"

Moyo wa Farangis ulisema hapana. Mkono ukatoa simu.

"Bi Esmat!" alipiga kelele Mahlagha kana kwamba anataka sauti ifike Tehran bila msaada wa waya. "Nife mimi nisikie sauti yako! Zile beri kavu za zereshki ulizonitumia, mama yangu, mpaka leo nazila kidogo kidogo kama dawa! Kwa nini ulijisumbua?"

"Usumbufu gani, mwanangu, ni aibu yangu, zilikuwa chache."

"Chache! Zilijaza kopo zima!"

Changiz naye akainama kwenye simu, akamwita Bi Esmat kivuli cha vichwa vyao, akamwomba dua. Halafu Firouz. Firouz hakuwahi kumwona Bi Esmat maishani mwake. Lakini angekaa tu, mtu mzima anasikia sauti ya mama wa watu asiseme neno? Alisimama wima, akafunga kifungo cha koti, na kuanza: "Bi mkubwa, mimi Firouz, jirani wa binti yako, mtumishi wako. Nakubusu mkono kwa mbali..."

Farangis alimnyang'anya.

"Mama, Bardia..."

Tu, tu, tu, ilisema simu.

Alibaki ameishika hewani. Aliipiga ile namba ndefu. Ikaita mara moja, ikafa. Akaipiga tena.

"Mungu ashukuriwe," alisema Mahlagha, akijipangusa macho. "Sauti yake nzuri kabisa. Imara."

"Kama kungekuwa na jambo angesema," alisema Changiz, na huku nyuma mkono wake ukaanza kurudi kwenye sahani. "Umesikia mwenyewe, hajambo, wote hawajambo. Sasa, Bwana Firouz, tulikuwa wapi?"

Farangis hakuketi. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Chini kule gari la kusukuma theluji lilikuwa linapita na taa yake ya njano. Aliirudia simu ile kichwani tangu mwanzo. Mjomba Naser anakusalimu. Mkewe. Bi Pouran, ambaye hata hawakuwahi kupatana. Shangazi wa Karaj. Mkwe wa shangazi, mtu ambaye Farangis asingemtambua akimkuta kwenye lifti. Mama alimtaja kila kiumbe anayepumua kuanzia Tehran mpaka Karaj, na kwetu anayepiga simu huleta salamu za wote walioko nyumbani, hata za aliyelala, hata za mgonjwa asiyejitambua.

Salamu za Bardia hakuleta.

Alijua, na kila mtu mezani pale alijua, jinsi watu wa nyumbani wanavyowaficha walio ughaibuni habari mbaya. Wanaona ni huruma. Mtu yuko ugenini, yuko peke yake, kwa nini umuue kwa simu? Baba yake Farangis alipofariki, kwa majuma mazima aliambiwa Baba yuko bafuni, Baba amelala, Baba kaenda kwa daktari wa meno. Meno gani? Mzee hakuwa na hata jino moja! Na Mahlagha alijua. Dada yake Mahlagha alikuwa mazishini kule. Mahlagha alikuja akanywa chai ya Farangis, akala keki yake, akacheka, akaenda zake na siri moyoni.

Farangis aligeuka.

"Mahlagha. Unajua kitu?"

"Kitu gani?"

"Kuhusu mwanangu. Dada yako amekupigia?"

"Hapana! Jamani, Farangis, hapana!"

"Kuhusu Baba pia ulisema hapana."

Uso wa Mahlagha ulipauka. "Kwa roho za wanangu wawili," alisema polepole. "Nikatwe ulimi. Dada yangu sijamsikia tangu mtandao uzimwe. Sijui kitu, Farangis. Wallahi sijui."

"Tulia kwanza, Bi Farangis," alisema Changiz. "Kijana ana paspoti ya hapa. Hawawezi kumgusa. Na ukweli ni kwamba utawala wenyewe hauna nguvu tena za..."

"Nyamaza!"

Kijiko cha Changiz kilisimama nusu ya njia.

"Nyamaza, Changiz! Wewe na huyu! Miaka yote mnaigawana nchi ile sebuleni kwangu kama mnavyogawana ukoko, huyu kipande chake, huyu kipande chake, na mkimaliza mnajipangusa midomo mnakwenda kulala! Mwanangu yuko kule! Mimi nina swali moja, moja tu, nimelingojea mpaka nywele zimenitoka, na mmelila! Zereshki! Kivuli cha vichwa vyetu! Mtumishi wako!" Alijigonga kifua. "Na mimi mwenyewe nimelila. Nimemuuliza habari za goti. Tokeni. Naomba mtoke."

Hakuna mtu kwetu anayesema neno hilo kwa mgeni. Unaweza kumchoka, unaweza kumchukia, utamshika mkono umwambie bado mapema. Mahlagha aliinuka akitafuta mkoba wake na asiuone, nao ulikuwa begani. Changiz alikwenda kwenye korido, akainama kuvaa viatu, akavaa kimoja, cha pili akabaki anakitazama. Firouz hakwenda mlangoni. Alikunja mikono ya shati, akakusanya sahani zote kimya kimya, akaenda jikoni kuziosha.

Simu ikalia tena.

Farangis aliirukia, akafungua spika. Changiz akaganda koridoni na kiatu kimoja. Kule jikoni sahani zikaacha kugongana.

"Farangis, moyo wangu, ilikatika. Hujambo? Mwambie Mahlagha..."

"Mama, acha salamu."

Bi Esmat hakuwahi kuambiwa neno hilo na mtu yeyote. Akababaika.

"Bardia yuko wapi?"

"Bardia? Yupo, mama, yupo. Amelala. Huku usiku mkubwa."

"Mwamshe."

"Mtoto amechoka, Farangis. Kesho nitamwambia..."

"Mwamshe, Mama."

"Unajua akilala alivyo mzito, hata..."

"Baba naye alikuwa amelala!" alisema Farangis. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Alilala majuma mangapi, Mama? Nenda chumbani. Nasubiri hapa hapa. Mwamshe mwanangu."

Ilisikika pumzi tu. Nyuma yake, mbali, ilisikika saa ya ukutani ya korido ya nyumba aliyozaliwa, ile inayochelewa.

"Siwezi," alisema Bi Esmat.

Farangis alishika ukingo wa meza.

"Simu zinasikilizwa," alinong'ona Changiz, na Mahlagha akamziba mdomo kwa kiganja.

"Alitoka kununua mkate na mtoto wa Naser," alisema Bi Esmat, na sasa sauti ilikuwa ya mwanamke mzee mno. "Hapo kona tu. Watu walikuwa wanakimbizwa. Mtoto wa Naser alirudi mbio, bila mkate, bila viatu. Yeye hakurudi. Nimekwenda hospitali zote, Farangis. Hayupo. Sasa kila asubuhi naenda langoni mwa gereza. Nakwenda kabla ya adhana ili niwe mbele. Wananifukuza, narudi. Mwanzo walisema hawamjui. Jana nilipeleka sweta lako, lile la kijani, nikasema kijana huyu mnene mrefu, mjukuu wangu, anaona baridi. Wakalitupa nje ya kidirisha. Wakasema hayupo, bibi, nenda nyumbani."

"Na leo?"

"Leo nimelipeleka tena."

"Na leo, Mama?"

Kutoka jikoni Firouz alikuwa ametoka mpaka mlangoni, mikono imejaa povu, maji yakidondoka sakafuni.

"Nilikaa palepale nangoja waniite nilichukue. Waliita wengine. Kulikuwa na mwanamke mbele yangu, walimrudishia furushi lake, akaanguka. Mimi hawakuniita. Nimengoja mpaka giza likaingia, mpaka wakafunga lango. Hawakuniita, Farangis. Wamelichukua."

Farangis aliisogeza simu mdomoni.

"Kwa nini hukuniambia mara ya kwanza?"

"Ningesemaje, mwanangu?" alisema Bi Esmat. "Ulikuwa na wageni."

Halafu akaongeza haraka haraka, kama mtu anayesikia mlango unafungwa: "Kesho nampelekea soksi. Zile za sufu, za..."

Tu, tu, tu.

Farangis aliiweka simu mezani. Walikuwa wanamtazama wote watatu.

"Wamepokea sweta," alisema.

Mahlagha alianza kulia kwa sauti, na huku analia akimshukuru Mungu, halafu akajishika kana kwamba ni mapema kushukuru. Firouz alikuwa bado mlangoni pa jikoni.

"Hawakumrudishia?" aliuliza.

"Hawakumrudishia."

"Alingoja mpaka mwisho? Mpaka wakafunga?"

"Mpaka wakafunga."

Firouz alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akakaa kwenye kiti cha karibu, akajifunika uso kwa mikono yenye povu, mabega yakamcheza. Changiz alimpita na kiatu chake kimoja, akaingia jikoni, akafunga bomba lililokuwa bado linamwaga maji. Alipotoka akabaki amesimama nyuma ya kiti cha Firouz. Mwisho akachukua taulo la vyombo akalitandaza juu ya mikono ya mwenzake.

"Na kesho?" aliuliza Mahlagha.

"Kesho anapeleka soksi," alisema Farangis. Akaigeuza simu uso juu, akaichomeka kwenye umeme.